Kabla ya Kuongeza Leni, Tafuta Fundo

Kila mradi wa kuboresha barabara kuu ya kasi ndani ya jiji huja na swali moja kabla ya mengine yote: zitaongezwa leni ngapi? Wanasiasa huuliza hivyo, waandishi wa habari huuliza hivyo, na wananchi wanaokaa foleni kila jioni wana haki kabisa ya kuuliza. Mimi kama mhandisi wa usafiri huwaomba tuanze na swali jingine: foleni hii inaanzia wapi? Mkia wake unaweza kuwa kilomita kadhaa nyuma ya chanzo, na dereva aliyekwama mkiani ataapa kwamba tatizo liko palepale aliposimama.

Leni moja ya barabara ya aina hii, isiyo na taa wala makutano ya kukatiza, hupitisha takriban magari 2,000 hadi 2,400 kwa saa hali ikiwa nzuri. Uwezo huo haulingani urefu wote wa barabara. Kuna mahali leni moja inaishia, mahali magari yanayoingia yanajipenyeza kati ya yaliyomo, mlima ambao malori hupanda taratibu, kona iliyobana kwa sababu wasanifu wa zamani walikosa kiwanja. Mahali kama hapo ndipo ninapopaita fundo. Magari yakifika hapo mengi kuliko yanayoweza kupita, mwendo huvunjika ghafla. Ukishavunjika, sehemu ileile huanza kupitisha magari machache kuliko ilivyopitisha dakika chache zilizopita, kwa kuwa kila dereva anayetoka katika kusimama-simama huchelewa kidogo kushika kasi. Wimbi la kusimama hurudi nyuma kwa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, na anayelikuta huko nyuma haoni sababu yoyote mbele yake.

Ndiyo maana kabla ya mchoro wowote wa usanifu mimi hutaka kuona ramani ya mwendo. Mhimili mmoja ni kilomita za barabara, wa pili ni saa za siku, na rangi inaonyesha kasi iliyopimwa na vihisi vya barabarani au na simu za madereva. Foleni hutokea kama pembetatu nyekundu. Ncha yake ndipo palipo na fundo, na sehemu iliyobaki ni matokeo tu. Ukipanua matokeo, utakuwa umejenga eneo kubwa zaidi la kuegesha magari yanayosubiri kupita kwenye fundo lilelile.

Fundo ninalolikuta mara nyingi zaidi ni kukatizana. Njia ya kuingilia imewekwa karibu mno na njia ya kutokea inayofuata. Wanaoingia wanataka kuhamia leni za ndani, wanaotoka wanataka kuja ukingoni, na wote wana mita mia chache za kubadilishana nafasi. Boston ya zamani ilikuwa somo kamili. Barabara yake ya juu iliyopita katikati ya jiji ilifunguliwa 1959 ikiwa na leni sita, ikitarajiwa kubeba magari 75,000 hivi kwa siku. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 ilibeba karibu 200,000, na foleni ilidumu kwa saa kumi kila siku. Watu hukumbuka idadi hiyo ya magari. Mimi hukumbuka zaidi kwamba ilikuwa na njia 27 za kuingilia na kutokea, zimebanana ndani ya kipande kifupi. Ilipozikwa chini ya ardhi, katika mradi uliopanda kutoka makisio ya chini ya dola bilioni 3 hadi zaidi ya bilioni 14, njia hizo zilipunguzwa hadi 14. Leni ziliongezwa pia, hilo ni kweli, lakini bila kupunguza viingilio na vitokeo, mahandaki yale yangerithi ugonjwa wa barabara ya juu.

Dawa za kukatizana zinajulikana. Unaweza kuweka leni ya ziada inayoanzia kwenye kiingilio na kuishia kwenye kitokeo kinachofuata, ili wanaoenda mwendo mfupi wasijichanganye na wengine. Unaweza kupitisha njia ya kutokea juu ya njia ya kuingilia kwa daraja dogo, zisikutane kabisa. Au unajenga barabara ya pembeni inayokusanya magari ya viingilio vyote kisha kuyaingiza mahali pamoja. Hizi hazivutii siku ya kukata utepe, wala hazizai tangazo la barabara pana kuliko zote, lakini kwa kila shilingi ninayopewa kutumia, huko ndiko ninakotazama kwanza.

Dawa nyingine ni nafuu kiasi kwamba watu hawaiamini: taa kwenye kiingilio, inayoruhusu gari moja moja kila baada ya sekunde chache, ili magari yasivamie barabara kwa kundi. Madereva huichukia kwa sababu wanaona dakika wanazosubiri, wala hawaoni dakika wanazookoa mbele. Mwaka 2000 malalamiko hayo yaliwafanya wabunge wa jimbo la Minnesota, Marekani, kuagiza taa takriban 430 za eneo la Minneapolis na St. Paul zizimwe kwa majaribio. Zilizimwa kwa wiki kadhaa. Magari yaliyopita barabarani yalipungua kwa asilimia 9, muda wa safari uliongezeka kwa asilimia 22, na ajali ziliongezeka kwa asilimia 26. Taa zikawashwa tena, japo kwa muda mfupi zaidi wa kusubirisha, na nadhani marekebisho hayo yalikuwa ya haki.

Sisemi leni isiongezwe kamwe. Ila anayeahidi kwamba leni zitamaliza foleni ya jiji linalokua anapaswa kueleza kilichotokea Houston. Barabara ya Katy ilipanuliwa hadi 2008 kwa takriban dola bilioni 2.8, na sehemu yake pana ina leni 26 ukihesabu barabara za pembeni. Haikuchukua miaka mingi kabla muda wa safari katika saa za kilele kurefuka tena. Mwaka 2011 wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha kwamba katika miji ya Marekani kilomita zinazoendeshwa huongezeka karibu sawasawa na kilomita za leni. Watu huhamia mbali zaidi, huacha basi, hubadilisha saa ya kutoka nyumbani. Kwa hiyo leni mpya ninayoweza kuitetea kwa moyo mweupe ni ile inayolinda kitu fulani, kama vile mabasi yasikwame, au leni ya ziada kati ya viingilio niliyoieleza juu.

Sasa tuje kwenye ujenzi, ambako mipango mizuri mingi hufia. Barabara mpya porini hujengwa bila mtu kupita. Barabara ya jiji hujengwa huku maelfu ya magari yakipita mita moja kutoka kwa fundi anayefunga nondo. Hatua za ujenzi ni sehemu ya usanifu tangu siku ya kwanza: magari yatapita upande gani daraja la kushoto likivunjwa, mchepuko utabeba malori au la, leni zitabanwa hadi upana gani, ambulensi itapita wapi, maji ya mvua yatakwenda wapi mtaro wa zamani ukiwa umefukuliwa na mpya haujakamilika. Hilo la maji husahaulika mno. Na chini ya lami kuna mabomba na nyaya ambazo ramani zake mara nyingi hazilingani na hali halisi. Kuchimba mashimo ya uchunguzi mapema huonekana kama kupoteza pesa hadi siku mkandarasi anapokutana na bomba kuu mahali alipopangiwa msingi wa nguzo.

Jambo ambalo siwezi kulizungumzia kwa wepesi ni uzito. Kila uboreshaji huongeza mzigo kwa madaraja ya zamani. Daraja la I-35W mjini Minneapolis lilifunguliwa 1967. Mwaka 1977 sakafu yake iliongezewa tabaka la zege, na mwaka 1998 vizuizi viliboreshwa. Tarehe 1 Agosti 2007 lilikuwa likikarabatiwa tena, baadhi ya leni zimefungwa, mchanga, kokoto na mashine za zaidi ya tani 250 vimewekwa juu yake. Likaanguka jioni, saa ya msongamano, na watu 13 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba bamba za chuma zinazounganisha nguzo za fremu zilikuwa nyembamba mno tangu usanifu wa awali, na hakuna aliyezikokotoa upya mizigo ilipokuwa ikiongezwa. Tangu hapo sikubali rundo la kokoto juu ya daraja bila hesabu iliyosainiwa, hata kama ni la usiku mmoja.

Kuhusu muda, mkataba una nguvu kuliko hotuba. Tetemeko la 1994 lilipoangusha sehemu za barabara ya Santa Monica huko Los Angeles, mkandarasi alipewa siku 140, akiahidiwa dola 200,000 kwa kila siku atakayowahi na kukatwa kiasi hichohicho kwa kila siku atakayochelewa. Alimaliza kwa siku 66. Ile ilikuwa dharura na taratibu nyingi zilifupishwa, hivyo sipendekezi kuinakili nzima nzima. Ninachochukua ni kanuni ya kuipa bei kila siku ambayo leni imefungwa, bei inayotokana na muda wa watu walioko kwenye foleni. Mkandarasi akiona bei hiyo kabla ya kuomba zabuni, atapanga zamu za usiku na vipande vya zege vilivyotengenezwa karakanani bila kubembelezwa.

Ukialikwa kutoa maoni kuhusu mradi wa namna hii, usitosheke na picha ya kompyuta yenye miti na magari matano. Omba ramani ya mwendo, kisha uulize fundo linalofuata liko wapi na litapokeaje magari yatakayoachiliwa na hili. Halafu omba michoro ya hatua za ujenzi, mwezi kwa mwezi. Wasanifu walioifikiria kazi yao watakuwa nayo tayari.