Hipparchia na muda wa kufuma

Kila ninapofundisha falsafa ya Ugiriki ya kale, naulizwa wanawake walikuwa wapi. Huwa namtaja kwanza Hipparchia wa Maroneia, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK.

Mwanamke wa Athene wa enzi hizo alikuwa chini ya mwanamume: baba, kisha mume, pengine hata mwanawe. Sheria haikumruhusu kufanya biashara inayozidi thamani ya medimno moja ya shayiri, kama lita 50. Karamu za wanaume hazikuwa mahali pa mke wa mtu. Pake palikuwa nyumbani, akisokota sufu na kufuma.

Hipparchia, binti wa watu wenye mali, alimpenda Crates, Msiniki, yaani mwanafalsafa wa kundi lililodharau mali na desturi, aliyeishi kifukara kwa hiari. Wazazi wakakataa, naye akawaambia atajiua. Wakamsihi Crates mwenyewe amkatishe tamaa. Crates akavua nguo mbele ya Hipparchia, akasema: bwana harusi ndiye huyu, na mali yake ndiyo hii. Hipparchia akamkubali vivyo hivyo, akavaa vazi kama lake, wakawa wanaongozana hadi karamuni.

Huko, nyumbani kwa Lysimachus, akakabiliana na mwanafalsafa Theodorus. Hoja ya Hipparchia, kama alivyoisimulia Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa, ni hii: jambo lisiloitwa kosa akilifanya Theodorus, haliitwi kosa akilifanya Hipparchia. Theodorus akijipiga mwenyewe hakosei. Basi Hipparchia akimpiga Theodorus, hakosei.

Wanafunzi wangu huona ufa haraka: kujipiga si sawa na kumpiga mwenzio. Ni kweli. Lakini tazameni sentensi ya kwanza, kwamba tendo lipimwe bila kuuliza kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Kwa Athene ile, hilo lilikuwa zito kuliko kofi lolote. Theodorus angeweza kuushika ule ufa. Hakuushika. Alimvuta vazi ili amvue.

Hipparchia hakutetereka. Theodorus akamuuliza, kwa maneno ya tamthilia ya Euripides, kama ndiye huyu aliyeacha kazi ya kufuma. Akajibu: ndiye mimi, je, unadhani nimekosea kuutumia kwa elimu muda ambao ningeumalizia kwenye kufuma?

Naipenda hoja hii kuliko ile ya kofi. Hakusema kufuma ni kazi duni. Alihesabu muda, akadai ni wake. Na kufuma kulimeza siku nyingi, tangu kuchambua sufu hadi kitambaa kukamilika.

Diogenes anasema visa vya Hipparchia vilikuwa vingi mno. Lakini maandishi ya Hipparchia mwenyewe hayakutufikia hata ukurasa mmoja.