Hao watoto wana kwao, na shida yao siyo vitanda

Jumamosi nimepigiwa tena ile simu. Safari hii ni kikundi cha wafanyakazi wa ofisi moja hapa Mwanza, watu wenye roho nzuri kabisa, wamechangishana na wanataka kununua vitanda ishirini vya dabo deka ili watoto wote wanaolala nje pale mtaa wa Makoroboi watolewe wawekwe sehemu moja. Nikamuuliza dada aliyepiga, kwani unadhani hao watoto hawana kwao? Akasema, "Si ni yatima jamani." Niko kwenye hii kazi ya watoto na vijana wa mtaani mwaka wa 11 sasa, na hilo neno nalisikia kila wiki, kanisani, kwenye daladala, hata kwa ndugu zangu wa damu. Kwa hiyo leo naandika, nikipigiwa tena natuma linki.

Wengi wao siyo yatima. Wana mama, wana baba, wana bibi Sengerema au Magu au Kwimba au Ukerewe huko, na ukikaa naye vizuri atakwambia mwenyewe. Siyo siku ya kwanza lakini, maana siku ya kwanza anakupa jina la uongo na wazazi wote wameshakufa, wanafundishana hivyo kwa sababu ndo jibu linalotoa mia tano kwa mpita njia. Ni kama wiki ya tatu hivi ndo anaanza kukutajia jina la shule, mwembe ulioko karibu na lambo, jina la mwenyekiti wa kitongoji. Hapo sasa faili linaanza kuwa faili.

Ametokaje? Kipigo ndo nakisikia zaidi ya vyote. Kuna baba wa kambo au mama wa kambo, kuna pombe, kuna njaa ya kiangazi ambapo mtoto mkubwa anajiona ni mdomo wa ziada, na kuna shule, ndiyo, ada ilifutwa tangu 2016 lakini daftari na viatu havikufutwa, na mtoto anayeona aibu kwenda na shati lililochanika mgongoni haendi. Akikaa nje ya shule miezi miwili tu ameshapata rafiki anayejua basi la Mwanza linapita saa ngapi.

Sasa makao ya watoto. Sisemi yafungwe, nisieleweke vibaya, kuna mtoto usiku wa leo hawezi kurudi kwao kwa sababu aliyemuumiza yuko hapo hapo nyumbani, huyo anahitaji kitanda salama leo leo. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na makao yanatakiwa yawe njia ya mwisho baada ya ndugu na walezi wa kuaminika kukosekana. Tukijaza vitanda ishirini, ntakuambia kinachotokea, nimekiona kwa macho yangu: kuna wazazi wataleta watoto wenyewe maana kuna wali na shule, afu wale wa Makoroboi nusu watatoroka kurudi Makoroboi. Na watakaobaki watafika miaka 18 hawana kitanda wala kijiji.

Kama mna hela kweli na mnataka kuzuia watoto wasiishie mtaani, njooni stendi za mabasi. Nyegezi na Nyamhongolo, jioni mpaka mabasi ya mwisho. Mtoto aliyeshuka leo unamjua tu, ana kimfuko, anaangalia watu usoni, bado anaamkia "shikamoo". Huyo hajajua kunusa gundi, hajapewa jina la mtaani, hajawa na mkubwa wa kumlinda na kumtumikisha. Ukimpata usiku huo, kumrudisha ni kazi ya siku chache, ukimpata baada ya mwaka ni kazi ya miaka. Ndo maana mashirika yanayojielewa yanaweka mtu stendi na yanakaa na makondakta, mama lishe na bodaboda, wanawafundisha cha kuangalia na namba za kupiga (116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, mitandao yote). Mama lishe mmoja anayejua anachoangalia ananisaidia kuliko hivyo vitanda vyote. Ila haina picha nzuri hiyo, basi hamna anayechangia.

Kingine kinachoniumiza ni "wakamateni wapelekwe kwao". Imeshafanyika, mgeni mkubwa anakuja au kuna sherehe, gari linapita usiku, wanazolewa kama wazururaji, wanapelekwa huko mikoani, na ndani ya wiki wamerudi, sasa wakiwa wanakimbia hata sisi manake tunafanana na wale waliokuja na gari. Kurudisha mtoto siyo kumsafirisha. Nauli ndo kipande kidogo kuliko vyote.

Kuna mtoto wa miaka 12 nilimpeleka kwao upande wa Sengerema, enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi bado, tunavuka na kivuko. Kwenye kivuko aliongea njia nzima, anacheka, ananionyesha ndege. Tuliposhuka akanyamaza. Tukafika, mama anapukuchua mahindi kwenye turubai, akamwona, hakusimama, akaendelea kupukuchua na machozi yanadondokea kwenye mahindi. Baba wa kambo akatoka akatusalimia vizuri tu, akaleta viti. Mtu wa haraka angesema imeisha hiyo, piga picha, sainisha fomu, tuwahi kivuko. Mimi nina swali langu moja nauliza kila nyumba: atalala wapi? Na naomba nionyeshwe. Mama akanipeleka kwenye kachumba ka nje, magunia ya mpunga mpaka juu, majembe, kamba za ng'ombe, na kitasa kiko upande wa nje. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Humo ndo nilikuwa nafungiwa."

Siku hiyo tulirudi naye Mwanza. Na kosa lilikuwa langu, nilienda naye safari ya kwanza kwa sababu mafuta ya gari yalikuwa ya safari moja, siku hizi naenda peke yangu kwanza hata kama ni kwa basi. Ilichukua miezi minne ya vikao, mimi na afisa ustawi wa huko, mwenyekiti wa kitongoji na mjomba, mpaka akaenda kukaa kwa huyo mjomba, siyo kwa mama. Alipewa mkeka kwenye chumba kimoja na watoto wa mjomba. Mkeka tu, na hajatoka mpaka leo. Halafu hapo ndo kazi yenyewe inaanza, kupiga simu, kurudi baada ya mwezi, kurudi tena kipindi cha njaa, kuongea na mwalimu. Wafadhili wengi wanahesabu watoto "waliorudishwa" siku ya kusaini fomu. Mimi mwenyewe nimesaini fomu ambazo leo nisingesaini, na wapo niliowarudisha ambao simu ya nyumbani kwao haipatikani tena, nawaza sana usiku kuhusu hao.

Na wasichana. Huwaoni Makoroboi basi mnadhani hawapo. Wapo kwenye kazi za ndani bila mshahara, wapo gesti, wanalala kwa "mjomba" ambaye siyo mjomba. Hilo nitaliandikia siku yake.

Haya, sasa wale wenye 18 na kuendelea, ambao kila mtu anawaruka. Kijana wa miaka 19 aliyelala nje tangu ana 10 huwezi kumwambia rudi kwa mama. Makao hayamchukui, mradi wa watoto haumhesabu tena. Anataka chumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo na mdhamini. Kijana akitafuta kitambulisho cha taifa, cha NIDA, anaulizwa cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa, mwenyekiti wa mtaa anamuuliza unaishi nyumba ya nani. Bila NIDA hasajili laini, bila laini hana pa kuweka hela, analala nayo kwenye soksi, inaibiwa, anaanza upya. Kila mtu anamwita mvivu na yeye alfajiri ameshabeba mizigo soko la samaki la Mwaloni.

Kinachosaidia hapo, kwa nilivyoona, ni vikundi. Shirika la Railway Children wamefanya kazi hivyo hapa Mwanza, unawachukua vijana wanaolala pamoja tayari, huwatenganishi, wanaweka akiba pamoja, wanadhaminiana, mnatafuta vitambulisho pamoja, na wakisajiliwa wanaweza hata kuomba mkopo wa ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vijana. Shirika linakuwa ule mgongo ambao mwingine anaupata kwa wazazi. Na hata akipata chumba usiondoke. Kijana mmoja wiki ya kwanza alikuwa ananiletea ufunguo wake kila asubuhi nikae nao, anaogopa atanyang'anywa. Mwingine alirudi kulala barazani na wenzake siku tisa, anasema ndani kuna kimya sana. Sijui bado ni miezi mingapi inatosha kumshika mtu mkono, sita ni kidogo, mwaka kwa wengine ni kidogo.

Yote haya nilimweleza yule dada, nadhani kwa ukali kidogo. Akakaa kimya siku mbili. Jana usiku kanitumia meseji: "Chumba Igoma sa hivi ni shilingi ngapi kwa mwezi?" Nimemwambia aje kwanza Jumanne saa moja jioni pale Nyegezi, avae viatu vya kutembelea, tusubiri mabasi ya mwisho pamoja.