Aureus: dhahabu ya Roma na miungu yake

Aureus ni sarafu ya dhahabu ya Warumi wa kale. Jina lake limetokana na aurum, yaani dhahabu. Julius Caesar ndiye aliyeanza kuzitoa kwa wingi, mwaka 46 KK, na ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 40, kila moja gramu 8 hivi. Moja ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha. (Dinari hiyo hiyo unayoijua: neno limetufikia kupitia Kiarabu, lakini chimbuko lake ni denarius ya Roma.)

Zama za makaisari, upande mmoja kwa kawaida ulikuwa na kichwa cha mtawala, na upande wa pili mara nyingi mungu. Huyo hakuwa pambo tu. Ukitaka kujua kaisari anataka watu waamini nini, geuza sarafu yake.

Chukua aureus ya Nero yenye Jupiter, mkuu wa miungu, ameketi na radi mkononi. Maandishi yanamwita Custos, mlinzi. Wanazuoni wengi huihusisha na mwaka 65 BK, Nero aliponusurika njama ya kumuua. Nero huyo huyo ndiye aliyekuwa amepunguza dhahabu, ratili moja ikatoa sarafu 45 badala ya 40: mlinzi juu, uzito chini. Mwaka 68 alijiua, jeshi na Seneti wamemtupa mkono.

Aliyetwaa kiti baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Vespasian, akatoa sarafu za Pax. Huyu ni Amani aliyefanywa mungu wa kike. Warumi walikuwa na wengi wa namna hiyo: Salus wa afya na usalama, Concordia wa maelewano. Kaisari Commodus naye hakutaka kulindwa na mungu, alitaka yeye mwenyewe awe mungu: alijichora amevaa ngozi ya simba ya Hercules, shujaa wa hadithi za kale aliyefanywa mungu.

Kaisari Constantine, katika karne ya 4, aliiacha aureus, akaleta sarafu ya dhahabu nyepesi zaidi, solidus, 72 kwa ratili. Hata alipokwisha kuuelekea Ukristo, Sol, mungu jua mwenye taji la miale, aliendelea kuonekana kwenye sarafu zake kwa miaka kadhaa. Victoria, mungu wa ushindi mwenye mabawa, alidumu kuliko wote. Alibaki kwenye solidus za watawala Wakristo hadi karne ya 6, wakati wa Kaisari Justin I, nafasi yake ilipochukuliwa na malaika wa kiume. Mabawa yakabaki.