Pete Ibaki Nyumbani: Fundi wa Ndege za Jeshi na Familia Yake

Ukimwona fundi wa ndege za jeshi hana pete ya ndoa kidoleni, usimfikirie vibaya. Ni kazi iliyoivua. Pete hunasa kwenye ngazi, kwenye ukingo wa paneli au kwenye kichwa cha bolti, na mtu anaporuka chini uzito wote wa mwili hubaki kwenye kidole kimoja. Ngozi na nyama huvuka kama soksi, mfupa ukabaki. Sababu ya pili ni umeme. Betri ya ndege nyingi ni volti 24 tu, hazikurushi, lakini inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Pete ikigusa ncha ya chanya na bodi ya ndege kwa pamoja, inakuwa kaa la moto kabla hujautoa mkono. Wapo wanaoivaa shingoni kwa mkufu. Hao wameihamisha hatari tu. Za mpira hazipitishi umeme, ila ikikuchomoka ndani ya uvungu wa injini ni kitu kilichopotea kama kingine chochote. Mahali pa pete ni nyumbani, kwenye kisahani kile kile kila siku.

Kuhusu vitu vilivyopotea, hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia. Fundi amesema atafika saa kumi na mbili jioni, anaingia saa nne usiku akisema kuna spana haikuonekana. Mke anaguna. Lakini ni kweli. Sanduku la zana la kikosi lina sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa, hivyo nafasi tupu inaonekana kwa jicho moja. Zana huhesabiwa kabla ya kazi, zikihamia kwa mtu mwingine, na kabla ya paneli kufungwa. Moja ikikosekana ndege haipai, na zamu haiondoki mpaka ipatikane, au mpaka mwenye mamlaka aridhike kwa maandishi kwamba haimo ndani ya ndege. Hata kipande cha bisibisi kilichovunjika hutafutwa mpaka vipande vilingane. Kitu kidogo kikiachwa karibu na nyaya za usukani, siku ndege inalala ubavu hewani kitateleza na kwenda kukaba mahali ambapo rubani hawezi kufika.

Njia ya kurukia nayo ni hivyo hivyo. Ndege ya abiria ya Concorde iliyoanguka Gonesse, Ufaransa, mwaka 2000 na kuua watu 113 ilikanyaga kipande chembamba cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine. Ndiyo maana vikosini watu hujipanga mstari asubuhi na kutembea polepole wakiokota kokoto, nati na vipande vya waya.

Waya wenyewe una adabu zake. Bolti nyingi kwenye injini na propela hufungwa kwa waya wa usalama zisilegezwe na mtetemo. Waya wa chuma cha pua wa inchi 0.032, karibu milimita 0.8, husokotwa mara 6 hadi 8 kwa kila inchi. Uvutwe upande unaokaza bolti. Ukiufunga kinyume umeisaidia bolti kufunguka. Ukiusokota kupita kiasi unakuwa mgumu na kukatika kwa mtetemo. Mkia unaobaki uwe na misokoto 3 hadi 6, ukunjwe kwa ndani, kwa sababu ncha iliyoachwa wazi itampasua mkono fundi anayekuja baada yako. Na kipande ulichokata kishike kwa mkono wa pili kabla hakijaruka.

Kuna swali jingine la nyumbani: "Si umebadilisha tairi tu, mbona siku nzima?" Tairi la daladala linabadilishwa barabarani abiria wakisubiri. La ndege lina naitrojeni, kwa sababu hewa ya kawaida ina oksijeni inayolisha moto breki zikichemka, na unyevu unaoganda huko juu na kutia kutu rimu. Ndege ikitua na breki zimechemka, unaikaribia kutoka mbele au nyuma ya gurudumu, kamwe si ubavuni, kwa kuwa rimu ikipasuka vipande hurukia upande wa ekseli. Ndani ya rimu mna plagi ndogo zinazoyeyuka joto likizidi ili upepo utoke taratibu. Baada ya hapo ni jeki, kisha kutoa upepo wote KABLA ya kugusa nati ya ekseli. Rimu ni vipande viwili vilivyoshikwa na bolti. Zikiwa zimekatika na tairi bado limejaa, hiyo nati pekee ndiyo inayokutenga na mlipuko.

Wakati wa kurudisha, beringi hupakwa grisi safi ya aina iliyoandikwa, si yoyote iliyo karibu. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili beringi zikae sawa, halafu hulegezwa, halafu hukazwa tena kwa torki, yaani nguvu ya kukazia, ndogo ya mwisho. Anayeruka hatua ya kulegeza huunguza beringi. Tairi jipya lina desturi ya kutanuka, basi hujazwa na kuachwa kwa muda wa saa 12 ndipo lipimwe tena. Presha hupimwa likiwa baridi, maana kila nyuzi 3 za joto huibadilisha kwa takriban asilimia 1. Siku nzima, basi.

Haidroliki, mfumo unaosukuma sehemu za ndege kwa mafuta ya presha, ndiyo ninayotaka familia ziielewe kuliko yote. Mifumo mingi ya ndege za jeshi hufanya kazi kwa presha ya psi 3000. Tairi la gari dogo lina kama 30. Bomba likipata tundu la sindano, mafuta hutoka kama uzi usioonekana na kupenya ngozi. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, si kwa kiganja. Aliyepenywa huona kitone tu, maumivu kidogo, anakwenda nyumbani na kusema "nimechomwa na kitu." Usiku mkono unavimba. Huyo hapelekwi duka la dawa. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya presha, kwa sababu hapo linahitajika jicho la mpasuaji kabla nyama haijafa.

Ovaroli la fundi lisichanganywe na nepi. Rangi ya chini inayozuia kutu kwenye bodi za ndege mara nyingi ina kromati, ambayo husababisha saratani, na vumbi lake hutokea wakati wa kupiga msasa. Fundi abadili nguo na viatu kazini, aoge, na nguo zisafiri kwenye mfuko uliofungwa. Wala zisikung'utwe uani. Zilizolowa mafuta ya ndege zisiingie kwenye mashine ya kukausha. Zianikwe nje, mbali na jiko. Aliyemwagikiwa mwili mzima asivue kwa pupa, ajimwagie maji kwanza, maana kitambaa kikisuguana huzaa cheche. Na kunawa mikono kwa mafuta ya taa au petroli ni ujinga wa zamani: huondoa mafuta ya ngozi na kufungua njia kwa kila sumu nyingine.

Masikio huondoka kimya kimya. Wakazi wa Nanyuki wanaoijua ngurumo ya F-5, ndege za kivita ambazo Kenya imekuwa nazo tangu 1978, wanaisikia kwa mbali. Fundi yuko hatua chache tu. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 una dakika 15. Karibu na injini ya kivita vizibo vya sikio peke yake havitoshi, unavaa na vifuniko juu yake. Msivijumlishe lakini: cha pili huongeza desibeli 5 hadi 10 tu. Kizibo cha sponji husokotwa kiwe chembamba kwa mikono safi, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kikashikiliwa sekunde 30 kitanuke. Kikiwa kimechungulia nje nusu hakikulindi kitu.

Uziwi huo huanza kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo wa kwanza kuugundua ni watoto. Baba anasikia kwamba umeongea ila hajui umesema "fika" au "shika." Akianza kuongeza sauti ya runinga, apimwe.

Halafu zamu ya usiku. Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham ilipoteza kioo cha mbele ikiwa futi 17,300, na rubani akavutwa nusu mwili nje. Wenzake walimshika miguu na akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kwa inchi 0.026, kwa kuwa zilichaguliwa kwa kulinganishwa kwa macho badala ya kusomwa namba kwenye katalogi. Ilikuwa ndege ya abiria, lakini saa hizo mbili zinamlegeza fundi yeyote, awe na sare au bila. Mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 damuni.

Kwenye vitabu vya ndege vya jeshi la Marekani, hitilafu ya hatari hutiwa alama ya X nyekundu, na aliyefanya kazi haruhusiwi kujifutia. Lazima mkaguzi aliyeidhinishwa atazame na kusaini. Jicho la pili ndilo linalomkamata aliyesinzia. La kwanza linategemea nyumba: pazia zito, simu nje ya chumba, watoto wakijua kwamba saa nne asubuhi kwa baba ni usiku wa manane. Shughuli za shule na ukoo zipangwe alasiri, akishalala kwa muda wa saa 7. Na pale ndege inapotumwa mbali, naye huenda nayo, wakati mwingine kwa taarifa ya siku moja. Basi hati ya kiwanja, kadi za bima, namba ya karo na jina la fundi wa jenereta viandikwe kwenye karatasi moja, karibu na kile kisahani cha pete.