Someni na Mstari wa Kumi

Mtu ninayemhudumia, aliyekatwa mguu na ambaye ameanza taratibu kuulizia mguu wa bandia, ametumiwa ujumbe na mpendwa mwenzake wa kikundi cha maombi: "Usiikubali hiyo hali. Ukikubali umeshindwa. Yeremia 29:11." Sasa ananiuliza kama kwenda kupimwa mguu wa bandia ni kumkosea Mungu.

Nimekuwa katika huduma ya kuwatembelea wagonjwa na wafiwa kwa muda mrefu, na ujumbe huo nimeukuta kwenye simu za wajane, za walioachishwa kazi, za wanandoa walioambiwa na daktari kwamba hawatapata mtoto. Aya ni ileile. Tena hutumwa usiku wa manane, na kawaida mtumaji hajafika hata mara moja kumtazama mgonjwa. Basi leo niacheni niseme.

"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Aya tamu. Ila ni kipande cha barua ya nabii Yeremia, na barua hiyo ilikwenda kwa watu waliokwisha kupoteza karibu kila kitu. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliwachukua mateka mfalme Yekonia wa Yuda, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli. Yerusalemu na hekalu vilikuwa bado vimesimama. Ndiyo maana walioko Babeli hawakutaka kufungua mizigo yao. Kwao ilikuwa safari mbaya itakayokwisha karibuni.

Na walikuwa na nabii wa kuwaunga mkono. Sura ya 28 haihubiriwi sana, sijui kwa nini (najua). Hanania anasimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba Mungu amekwisha kuivunja nira ya Babeli: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Kisha anaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kuwa ishara ya kukaa chini ya Babeli, na kuivunja hadharani. Hebu fikirini shangwe ya siku ile. Ningekuwepo ningepiga makofi. Mtu mwenye tangazo kama hilo leo angejaza uwanja.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana ndipo hoja nzima ya "usikubali" inapovunjika. Mwenye imani katika sura ile ni nani? Kwa kipimo cha ule ujumbe wa simu, ni Hanania. Anakiri ushindi, anataja muda, anakataa hali. Yeremia ndiye anayeonekana amekata tamaa, na nira yake shingoni. Lakini angalieni anavyomjibu mwenzake: "Amina, Bwana na atende hivi." Hafurahii uhamisho. Angependa Hanania awe amesema kweli. Kukubali kwake hakumaanishi ameacha kutamani mema. Amekataa tu kumsemea Mungu jambo ambalo Mungu hakusema. Mtu anaweza kusema "Bwana na afanye hivyo" kwa moyo wote, na bado asijenge maisha yake juu ya miaka miwili ambayo hakuahidiwa.

Hanania alikufa mwaka uleule. Miaka yake miwili ikapita, na badala ya vyombo kurudi, baadaye mji wenyewe ukabomolewa na hekalu likachomwa moto.

Sasa barua. Kabla ya mstari wa 11 upo wa 10, na wa 10 unasema miaka 70. (Wanaotaka kubishana miaka hiyo ihesabiwe kuanzia wapi mpaka wapi, tufanye siku nyingine.) Fanyeni hesabu ya kawaida: barua imeelekezwa kwanza kabisa kwa wazee waliosalia. Mzee mwenye miaka 60 anasomewa kwamba kurudi ni baada ya 70. Atazikwa Babeli. Mwanawe naye huenda akazikwa Babeli. "Mawazo ya amani" aliyowaziwa mzee huyu hayakuwa tiketi ya kurudi nyumbani, maana hiyo haikuwemo. Kilichokuwemo kiko mstari wa 5 mpaka wa 7: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni, uombeeni amani mji mliopelekwa. Mji ule ule wa Nebukadreza! Na Mungu anasema ni yeye aliyewafanya wachukuliwe.

Kwa hiyo ukimtumia mgonjwa Yeremia 29:11 ili asijenge nyumba mahali alipo, umeigeuza barua kichwa chini miguu juu. Umemtumia maneno ya Hanania kwa bahasha ya Yeremia.

Malalamiko kwamba anayesema "kubali" hana imani hata si mapya. Mwisho wa sura ile ile yuko Shemaya Mnehelami, naye ni mateka kule Babeli, anaandika barua Yerusalemu akidai Yeremia afungwe. Kosa lake? Amethubutu kuwaambia watu uhamisho ni wa muda mrefu, wajenge nyumba. Tangu enzi hizo anayekwambia ununue saruji anaonekana adui wa imani.

Kuna mtu mmoja wa kundi lile la mateka ambaye tunamjua vizuri: Ezekieli, kuhani. Kitabu chake kinaanza "mwaka wa thelathini", na wengi huchukulia kuwa ndio umri wake. Thelathini ndio umri ambao Hesabu 4 inautaja kwa Walawi kuingia kazini kwenye hema. Ezekieli anaufikia akiwa kando ya mto Kebari, mbali na madhabahu aliyozaliwa aitumikie. Ni pale mtoni mbingu zilipofunguka. Na ukifika sura ya 8 unakuta sentensi ambayo wengi huipita mbio: alikuwa ameketi nyumbani mwake, na wazee wa Yuda wameketi mbele yake. Nyumbani mwake. Ana nyumba huko Babeli.

Sitaki mtu aruke upande wa pili akadhani kukubali ni kufuta machozi haraka. Zaburi ya 137 ni ya mateka haohao: waliketi kando ya mito ya Babeli wakalia, vinubi wakavitundika, na mwisho wa zaburi unatisha kiasi kwamba hatuusomi ibadani. Ayubu alisema "Bwana ametoa, na Bwana ametwaa" katika sura ya 1. Sura ya 3 ameilaani siku aliyozaliwa. Tunainukuu ya kwanza misibani na kuificha ya tatu, halafu tunamshangaa mfiwa asiyeishia kwenye ya kwanza. Mwishoni mwa kitabu, wanaoambiwa hawakunena yaliyo sawa juu ya Mungu ni wale rafiki zake waliokuwa na jibu la kila kitu.

Wala kukubali si kukunja mikono. Kuna mabaya yasiyopaswa kukubaliwa kabisa: anayepigwa na mwenzi wake asiambiwe "jenga nyumba Babeli", aondolewe hapo. Paulo alipoona haki inapindishwa alikata rufani kwa Kaisari. Huyohuyo ndiye aliyeandika akiwa kifungoni kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Amejifunza, kwa hiyo kuna wakati hakuwa anajua. Nalo lile "nayaweza mambo yote" la mistari miwili mbele linahusu kushiba na kuona njaa, si mitihani wala mpira. Niliache hilo nisije nikakasirika zaidi.

Yapo yanayonisumbua mwenyewe. Watu waliosimama hekaluni siku ile wangemjuaje Hanania kuwa ni wa uongo? Wote wawili walisema "Bwana asema hivi". Nira ilipovunjwa, hata Yeremia hakujibu kitu. Biblia inasema akaenda zake, na neno likamjia baadaye. Kama nabii mwenyewe alilazimika kuondoka kimya, sioni aibu kuondoka kimya wodini.

La pili ni gumu zaidi: mtu aache kuomba lini? Daudi alifunga na kulala chini kwa ajili ya mtoto, na mtoto alipokufa akainuka, akaoga, akala. Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba, akaacha kwa sababu alijibiwa. Wengi ninaowahudumia hawajafiwa wala hawajajibiwa. Wako katikati, ripoti ya daktari haisemi ndiyo wala hapana, na kila Jumapili mtu anawauliza kama wamepokea uponyaji. Sina kanuni ya kuwapa. Nimewaona walioendelea kuomba mpaka dakika ya mwisho wakiwa na amani, na walioacha mapema wakiwa na amani ileile, na wa pande zote mbili waliokufa na uchungu.

Ninachoweza kusema ni kwamba barua haikuwataka wachague. Mstari wa 12, wanaopanda bustani haohao wanaambiwa wamwite Mungu na kumwomba, naye atawasikiliza. Mtu anaweza kuombewa asubuhi, na jioni akajaribishwa mguu wa bandia. Na aliyetuma ujumbe usiku wa manane, kama ana nafasi, kliniki inahitaji mtu wa kumsindikiza na kumshika mkono kwenye ngazi.