Picha ya shuka bado si sweta

Juzi tena. Ujumbe kwenye simu, picha ya shuka ya Kimaasai, nyekundu na buluu, na chini yake maneno haya: "Fundi, ilhamu ninayo tayari, kilichobaki ni kufuma tu." Aliyeituma ni mbunifu chipukizi mwenye jicho zuri la rangi na bidii ya kweli, wala sina ubaya naye. Ila kauli hiyo nimeisikia mno, kwa wanafunzi wa mitindo, kwa wenye maduka ya mtandaoni, hata kwa watu wanaojiandaa kwa maonyesho ya mavazi. Leo naijibu hadharani, nisije nikaijibu tena mmoja mmoja.

Kwenye sweta, kufuma ndiko kubuni. Hakuna hatua ya kwanza ya kuwaza na ya pili ya kumpelekea fundi. Anayeshona gauni la kitenge anaingia dukani na kukuta kitambaa kimeshakamilika, rangi na maua yamo, kazi yake ni kukata na kushona. Mfumaji hana kitambaa. Ana koni ya uzi, na kitambaa na vazi vinazaliwa pamoja, kitanzi baada ya kitanzi. Ukichagua uzi mnene umeshaamua bega litakaaje. Ukilegeza mkazo wa uzi umeshaamua kama vazi litamshika mvaaji au litamning'inia. Mambo hayo ndiyo mtindo wenyewe, na anayemwachia fundi amemwachia fundi ubunifu.

Turudi kwenye shuka, maana hapo ndipo ninapochoka zaidi.

Shuka ni kitambaa cha mtande na mshindio. Rangi zimo kwenye nyuzi zinazosimama na zimo kwenye nyuzi zinazolala, na miraba inajitokeza yenyewe zinapokutana. Aliyeifuma hakuchora mraba hata mmoja. Alipanga nyuzi, miraba ikaja. Kwenye mashine yetu ya kufumia sweta uzi unalala tu. Unakwenda kulia, unarudi kushoto, safu juu ya safu. Mistari ya kulala haikugharimu kitu: badilisha koni, endelea. Mistari ya kusimama ndiyo taabu, na shuka bila mistari ya kusimama si shuka.

Hebu tuchukue mstari mmoja wa buluu unaosimama, upana wa vitanzi vinne, kisha uwanja mwekundu wa vitanzi 20, kisha mstari mwingine wa buluu. Mashine ya kitanda kimoja, yaani yenye mstari mmoja wa sindano, inabeba rangi mbili kwa kila safu. Wakati nyekundu inafumwa, buluu inapita nyuma ikiwa huru, kwa vitanzi vyote 20. Vaa sweta hiyo uone: kidole kinanasa ndani ya mkono, uzi unavutika, na mbele kunajikunja. Mimi sipendi uzi upite nyuma zaidi ya vitanzi vitano au sita bila kushikwa. Unaweza kukwepa hilo kwa kuipa kila rangi kibonge chake cha uzi na kuilaza kwa mkono safu kwa safu, lakini hapo sweta ya siku moja inakuwa kazi ya siku nyingi, na mteja wako hatailipa. Unaweza pia kutumia vitanda viwili, nyuma ikafumwa nayo. Kitambaa kitatoka kizito, kigumu, kisichoanguka vizuri mwilini. Halafu kuna pale mistari inapokatana, ambapo shuka ina rangi ya tatu. Hiyo rangi ya tatu utaitoa wapi kwenye mashine ya rangi mbili?

Na ndilo jambo ambalo picha ya simu haikuonyeshi. Shika shuka yenyewe, isogeze karibu na macho. Pale nyekundu na buluu zinapokatana hakuna uzi wa zambarau. Kuna uzi mwekundu umepanda juu ya wa buluu, na wa buluu juu ya mwekundu, na macho yako ndiyo yanayozichanganya ukirudi nyuma hatua mbili. Hapo ndipo kuna mali ya mfumaji. Chukua nyuzi mbili nyembamba, moja nyekundu na moja buluu, zipitishe pamoja kwenye mashine kana kwamba ni uzi mmoja. Fuma ukanda wa nyekundu tupu, kisha ukanda wa mchanganyiko, kisha buluu tupu. Hutakuwa na mraba hata mmoja, na bado anayeijua shuka atakuuliza umeitoa wapi rangi ile. Hujanakili sura ya kitu. Umechukua namna kinavyofanya kazi. Mbunifu anayejua kutenganisha mambo hayo mawili nitakaa naye mchana kutwa.

Kanga nayo huja kwa mtindo huohuo. "Nataka ile korosho ya kwenye pindo, niiweke kifuani." Vizuri. Umeichora kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Lakini kitanzi si mraba. Kitanzi cha kawaida kina upana kuliko kimo. Ukiwa na vitanzi 28 na safu 40 katika sentimita 10, duara ulilolichora vitanzi 40 kwa safu 40 litatoka na upana wa zaidi ya sentimita 14 na kimo cha sentimita 10. Duara limebonyea, na korosho yako imelala kama kiazi. Ongeza kwamba mashine za nyumbani za kadi ya matundu, kadi inayoiambia mashine mchoro, zile za Brother zenye sindano 200 ambazo wengi wetu tunazo, zinarudia mchoro kila baada ya vitanzi 24. Korosho ya vitanzi 30 haiingii. Ya 24 inaingia, ya 12 pia, ya 8 pia. Chora ndani ya mipaka hiyo tangu mwanzo. Usichore kwanza kisha ukaja kugombana na mashine.

Wapo wanaonijibu kwamba hayo ni mambo ya ufundi, wao wanazungumzia sanaa. Basi tutazame waliofika juu.

Mbunifu wa mavazi Elsa Schiaparelli mwaka 1927, Paris, alitoka na sweta nyeusi yenye fundo la utepe mweupe lililofumwa shingoni, likaonekana kama limefungwa kweli. Watu wanakumbuka fundo. Yeye kilichomshtua kwanza ni sweta ya kawaida aliyomwona nayo rafiki yake, iliyosimama imara bila kulegea. Akamtafuta aliyeifuma, mwanamke wa Kiarmenia, ambaye ufumaji wake ulikuwa unashika uzi wa pili kwa nyuma kwa ukaribu, hivyo kitambaa hakikunyooka ovyo. Baada ya hapo ndipo akamchorea fundo. Majaribio ya mwanzo hayakufaa, wakarudia. Ilhamu ilianzia mgongoni mwa sweta.

Missoni, nyumba ya mitindo ya nguo za kufumwa, walioanza mwaka 1953 kule Gallarate, Italia, leo wanajulikana kwa mawimbi ya kona-kona. Mawimbi yale walikuja kuyapata kwenye mashine za Raschel, ambazo uzi wake hupanda wima na kusogea kando kwa kando. Mashine ile hata usipoiambia kitu inataka kwenda kona-kona. Wao waliisikiliza, wakaipa rangi.

Na sasa mfano unaonipa shida, kwa sababu vijana wananirushia kila mara, na wana haki. Laduma Ngxokolo wa Afrika Kusini alianza mwaka 2010, akiwa mwanafunzi Port Elizabeth, kwa kuchukua michoro ya shanga za Waxhosa na kuifuma kwenye sweta. Leo chapa yake, MaXhosa, inajulikana duniani. Si alianza na picha? Nimelifikiria sana swali hilo. Jibu langu la kwanza ni kwamba kazi ya shanga ni safu za punje, tayari imeshagawanywa vipande vidogo, kwa hiyo inakubali kitanzi kwa namna ambayo shuka haikubali. La pili, alikuwa ameshafundishwa mashine ya kufumia na mama yake tangu ujana. Alipoziangalia shanga alikuwa na mikono ya mfumaji. La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote: alikuwa na mtu wa kumvalisha. Vijana wa Kixhosa wakitoka jandoni huvaa nguo mpya nadhifu, sweta zikiwemo, na zilizokuwa zikivaliwa zilikuwa za kigeni, zenye michoro isiyowahusu. Aliona pengo hilo, akalijaza kwa sufu ya kondoo wa merino na mohea, manyoya ya mbuzi, za nchini kwake. Hata hivyo sitasema kwamba kuanza na picha hakufai kabisa. Huenda kunamfaa yule ambaye mikono yake imeshajua. Mpaka hapo nakubali, na sijui mstari kamili unapita wapi.

Kuna shaka nyingine. Leo kuna mashine za kompyuta. Shima Seiki wa Japani walitoa mwaka 1995 mashine inayofuma vazi zima bila mshono. Mengi niliyosema hayawezekani kwenye mashine ya mkono, huko yanawezekana. Je, mipaka ninayoisisitiza ni ya kufuma, au ni ya umaskini wa vifaa vyetu? Nadhani ni ya kufuma, kwa sababu kitanzi ni kilekile na hata kule uzi mnene una tabia zake. Lakini hilo nalisema kwa kuamini tu, na atakayekaa na mashine hizo miaka mingi huenda akanirekebisha.

Ukiniuliza hapa kwetu nitazame wapi, nitakupeleka kwenye vitu viwili ambavyo sioni wabunifu wakivichukua. Kofia ya Lamu na Zanzibar, ile inayotobolewa matundu madogo na kila tundu kuzungushiwa uzi. Hamisha kitanzi kimoja kwenda sindano ya jirani, sindano iliyobaki tupu ikifuma safu inayofuata inaacha tundu. Ni tundu lile lile la kofia, linapitisha upepo, na kwa pamba nyembamba unapata vazi la kufumwa linalovalika Mombasa mwezi wa Februari. Michoro ya kofia imepangwa kwa matundu, na wewe lugha yako pia ni matundu. Cha pili ni kiondo, kikapu cha kusukwa. Usiangalie rangi zake, angalia kitako. Msukaji anaanza na nyuzi chache katikati, anaongeza nyingine kadiri duara linavyopanuka, kisha anaacha kuongeza na ukuta unapanda wenyewe. Ndivyo bega la mviringo linavyofumwa, kutoka shingoni kwenda chini. Mpangilio wa kuongeza wa kiondo, ukiuhesabu, unakupa kola ambayo hutaiona kwenye duka lolote.

Na msizidharau sweta za shule. Akina mama na mafundi wanaozifuma Nairobi wanajua ribu, ule ukingo wa kuvutika, inavyopaswa kurudi baada ya mtoto kuivuta mwaka mzima, na wanapangilia mistari ya shingoni kwa rangi tatu bila kuchora popote. Kaa nao. Wasalimie vizuri, nunua chai, uliza kwa nini wanapunguza vitanzi pale kwapani na si kwingine.

Jambo moja ambalo vitabu hulipitia haraka ni sampuli. Vinakwambia: fuma kipande, kifue, kipime, piga hesabu. Fanya hivyo, sampuli ni lazima. Ila kipande cha sentimita 15 hakina uzito wa vazi zima. Pamba hasa hushuka ikining'inia, na kiasi gani itashuka hakuna hesabu ninayoiamini. Mimi huning'iniza sampuli usiku kucha kwa vibanio vya nguo chini yake ndipo naipima, na hata hapo nabaki na wasiwasi hadi vazi lenyewe livaliwe.

Baada ya hayo, nenda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Usiende na simu kutafuta picha, nenda ukageuze sweta za mitumba nje-ndani. Mgongo wa sweta ndio unaokuonyesha ilivyotengenezwa: uzi unapita wapi, rangi zimeshikwaje, bega limekatwa au limepunguzwa kitanzi kwa kitanzi. Ile iliyopunguzwa ina alama ndogo za mshazari karibu na kwapa, hiyo inunue. Omba uchome ncha ya uzi. Ukinuka nywele na kuwa jivu linalopukutika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda kidonge kigumu, ni akriliki. Angalia kama imesinyaa kwa maji ya moto, maana hiyo haifumuki. Ukifika nyumbani fungua mishono, anza kufumua kutoka juu, kwa sababu ilifumwa kutoka chini, na fumua polepole huku ukihesabu safu na kuandika. Uzi utakaobaki mkononi ufue, uutundike na kitu kizito kidogo ili unyooke, kisha uufume tena. Zile zenye mshono wa ovaloki, mashine inayokata ukingo na kuuzungushia nyuzi, ziache, zilikatwa kwa mkasi na uzi wake utatoka vipande vipande.