Yabisi zenye vinyweleo za kunasa hewa ukaa

Yabisi yenye vinyweleo ni kitu kigumu chenye matundu madogo mno, mengi yakiwa chini ya nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hivyo karibu eneo lake lote limejificha ndani. Gramu moja ya makaa amilifu, yaani makaa yaliyotengenezwa yawe na matundu mengi, ina eneo la mita za mraba 500 hadi 1,500. Hewa ukaa ikipita humo, molekuli zake hunata kwenye kuta za matundu. Hazigeuki kuwa kitu kingine, isipokuwa kwenye yabisi zilizopakwa amini (kemikali zenye nitrojeni), ambazo huzishika kikemia.

Wauzaji hupenda kutaja uwezo wa kushika. Katika hewa ukaa tupu ya baa 1 (karibu kanieneo la kawaida la hewa) na nyuzi 25 za Selsiasi, zeolaiti 13X kavu, aina ya madini yenye vinyweleo, hubeba karibu gramu 200 kwa kilo, makaa amilifu gramu 90 hadi 130. Namba hizo hupotosha. Cha kuuliza ni kiasi kinachonaswa na kuachiliwa kila mzunguko, maana yabisi isiyoachia hujaa mara moja tu, kazi ikaisha.

Chukua bayogesi ya samadi ya ng'ombe huko Mbarara, Uganda, yenye hewa ukaa asilimia 40. Mita moja ya ujazo ina hewa ukaa kilo 0.7 hivi. Makaa amilifu yakinasa na kuachia gramu 50 kwa kilo kila mzunguko, unahitaji kilo 14 kwa kila mita ya ujazo. Tena hayanasi hewa ukaa peke yake: methani kidogo, ile gesi inayowaka, hunaswa pia, na hupotea wakati wa kuyasafisha makaa ili yaachie gesi.

Kunasa hutoa joto. Tangi la makaa likiwa pana na halipoi, makaa yanaweza kupanda nyuzi 20 na zaidi, na yakipata moto hushika kidogo. Kuyasafisha ni kinyume chake: pasha hadi nyuzi 100 hivi, au vuta gesi kwa pampu.

Adui mkubwa ni maji. Zeolaiti hupenda mvuke kuliko hewa ukaa, na ikilowa hudai nyuzi 200 hadi 300 kukauka. Bayogesi hutoka mtamboni imejaa mvuke, kwa hiyo ipitishe kwanza kwenye kikaushio. Kabla ya hapo iondoe sulfidi ya hidrojeni, ile ya harufu ya mayai viza, kwa vyuma vyenye kutu.

Makaa ya jikoni hayatoshi: matundu yake ni machache na mengi yamezibwa na lami. Maganda ya kahawa hufaa, lakini yakishachomwa bila hewa hupitishiwa mvuke kwa nyuzi 800 hadi 900, na sehemu kubwa ya uzito hupotea. Unga mwembamba huziba njia ya gesi; tumia punje za milimita 1 hadi 3.

Kunasa kutoka hewa ya kawaida ni habari nyingine. Humo hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu, na makaa hushika karibu na sifuri. Hapo amini ndiyo hutumika, kwa gharama ya joto zaidi.